Mvua Inapobomoa Nyumba ya Mnyonge: Juu ya Bima, Mafuriko na Haki
Mada iliyotolewa na tume yetu, Haydom, mbele ya viongozi wa jumuiya, wenyeviti wa vitongoji na wawakilishi wa vikundi vya kuweka na kukopa



Tunawashukuru kwa kuitikia mwito huu katika majira ambayo kila mwenye jembe yuko shambani. Wengine wenu mmetoka upande wa Basotu, wengine mmepanda kutoka Bonde la Yaeda, na wapo waliolazimika kutembea kwa miguu kwa kuwa maji yamekata njia. Hilo la njia kukatika linatuingiza moja kwa moja katika mada yetu. Tulipotangaza kwamba tutazungumza juu ya bima, mzee mmoja alituuliza kwa utani kama siku hizi tumekuwa mawakala wa kampuni. La hasha. Hatuuzi bima, wala hatukuja kumshauri mtu akate bima ipi. Tumekuja na swali ambalo limetusumbua katika vikao vyetu kwa muda mrefu: mvua inapobomoa nyumba ya mnyonge, ni nani anayepaswa kumsaidia kuijenga upya, na kwa haki ipi?

Yaliyotokea Katesh

Hakuna haja ya kuwakumbusha kwa kirefu, maana wengi wenu mlizika ndugu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Serikali ilieleza kuwa miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Tope lilishuka pamoja na mawe na magogo, likapita Gendabi na Jorodom, likaingia katika mji wa Katesh watu wakiwa bado vitandani. Waliopoteza maisha walizidi 80. Kwa hesabu iliyotolewa siku zile na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, kaya zipatazo 1,150 zenye watu wapatao 5,600 ziliathirika, na ekari 750 za mashamba ziliharibiwa.

Haki ituongoze kusema pia lililo jema. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa, alikatisha safari yake akaja Katesh. Serikali ilibeba gharama za mazishi na za matibabu. Wananchi wa mikoa yote walichanga mahindi, mablanketi, magodoro na fedha. Nyumba 109 zilijengwa Waret na kukabidhiwa kwa waathirika mwishoni mwa mwaka 2024, nyingi kwa fedha za Serikali na nyingine kwa msaada wa Chama cha Msalaba Mwekundu. Hatuna neno la kulaumu juu ya moyo huo. Anayesema kuwa Watanzania hawajaliani hakuwa Katesh wiki ile.

Lakini tuwaulize jambo moja. Katika vijiji vyetu hivi vya Mbulu na Hanang, ni mwaka gani ambao mvua haikubomoa nyumba? Korongo linapanuka, linakula ua, mwaka unaofuata linakula jiko, mwaka wa tatu linaichukua nyumba. Mbuzi sita wanazama. Gunia za mahindi zinalowa zikiwa ghalani, na baada ya wiki mbili zinanuka. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna gari la redio linalokuja, hakuna Waziri, hakuna lori la unga. Mama yule aliyebomolewa nyumba peke yake amepoteza kiasi kilekile alichopoteza mama wa Katesh aliyenusurika na watoto wake. Huyu alijengewa nyumba, yule alipewa pole na mtendaji wa kijiji. Tofauti kati yao ni kwamba msiba wa mmoja ulikuwa mkubwa kiasi cha kusikika mbali.

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Sadaka huja pale macho ya watu yanapotazama. Haki ingemfikia mtu hata kama hakuna anayemtazama. Bima, ikipangwa vizuri, ni njia mojawapo ya kuigeuza huruma ya siku moja iwe haki iliyoandikwa. Ikipangwa vibaya huwa ni njia nyingine ya kumnyonya mnyonge, na hilo tutalieleza pia.

Bima tuliyoikuta kwa babu zetu

Watu husema bima ni jambo la wazungu na la mijini. Sisi hatukubali. Miongoni mwa Wairaqw na Wadatoga, mfugaji mwenye busara haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huwapeleka wengine kwa rafiki yake aliye mbali. Rafiki anakunywa maziwa na kuchunga, na mwenye mali anabaki na mali yake. Ukame au ugonjwa ukipiga upande huu, upande ule umesalia. Makampuni makubwa ya bima hufanya vivyo hivyo: hugawana hatari na makampuni ya nchi nyingine ili msiba wa mahali pamoja usiyafilisi, na jambo hilo limepewa jina la bima mtawanyo. Babu zetu hawakuwa na jina hilo, lakini ng'ombe walikuwa nao.

Vilevile tunavyo vikundi vya kuzikana, na ndani ya VICOBA tunao mfuko wa jamii ambao kila mwanachama huuchangia kidogo kila mkutano. Mwenzetu akiunguliwa nyumba, tunafungua sanduku. Mfumo huu ni mzuri na tusiuache. Ila una mpaka wake, na tuuangalie kwa hesabu rahisi. Chukua kijiji chenye kaya 400, na kila kaya itoe shilingi 5,000 kwa mwaka. Tunapata shilingi 2,000,000. Nyumba moja ikianguka, fedha hiyo ni msaada wa maana. Zikianguka kumi, kila moja itapata 200,000, ambazo hazitoshi mabati. Zikianguka mia moja, kila kaya itapewa 20,000, na sanduku litakuwa tupu kabla mvua haijakatika. Moto huchagua nyumba moja. Mafuriko hupita kijiji kizima, pamoja na nyumba ya mweka hazina. Ndiyo maana kikundi cha kijiji peke yake hakiwezi kuwa bima ya mafuriko, hata wanachama wawe waaminifu kama malaika. Lazima hatari igawanywe na watu walio mbali, ambao mvua ile haikuwanyeshea.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania kuwa 61,741,120, katika kaya zaidi ya milioni 14. Shilingi 1,000 tu kwa kila kaya kwa mwaka ni shilingi bilioni 14. Hatusemi kwamba kila kaya itozwe. Zipo kaya ambazo elfu moja ni chakula cha siku. Tunaonyesha tu nguvu ya kugawana mzigo kitaifa.

Tulicho nacho katika sheria

Nchi yetu haina bima ya mafuriko inayoendeshwa na Serikali. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likataifishwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi likawa peke yake hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Leo makampuni ni mengi na yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mwaka 2023 makampuni kadhaa yaliungana kuunda umoja wa bima ya kilimo, ili yabebe kwa pamoja hatari ambayo kila moja peke yake iliiogopa. Hiyo ni hatua, na wakulima wa ngano, mahindi na vitunguu wanapaswa kuiulizia.

Kwa nyumba, hali ni nyingine. Kwa kawaida bima ya nyumba au duka huanzia kwenye moto, na mafuriko huwa ni nyongeza inayolipiwa peke yake. Mwenzetu mmoja, mwenye duka dogo, alikatiwa bima alipokopa fedha. Hakuiomba, ilikatwa kwenye mkopo. Maji yalipoingia dukani na kuharibu saruji na unga, alikwenda kudai kwa furaha, akaambiwa kuwa mkataba wake ni wa moto na wizi. Karatasi alikuwa nayo sandukuni miaka miwili, imeandikwa kwa Kiingereza. Hatutaitaja kampuni, na kwa kweli kampuni haikuvunja mkataba. Lakini mtu anapolipia kitu asichokielewa, kwa lugha asiyoijua, kwa kulazimishwa na mkopo, je, huo ni mkataba au ni mtego? Sisi tunasema kila karatasi ya bima inayouzwa kwa mwananchi wa kawaida iandikwe kwa Kiswahili, na ukurasa wake wa kwanza useme waziwazi ni mambo gani *hayalipwi*.

Na maneno yana uzito kuliko tunavyodhani. Katika bima ya mafuriko ya Marekani, ambayo tutaizungumzia sasa hivi, tope linalotiririka na maji hulipwa, bali ardhi iliyoporomoka yenyewe hailipwi. Fikirini kilichotokea Katesh: mlima ulimeguka, kisha tope likatiririka. Mwanasheria wa kampuni angeweza kubishana juu ya neno moja kwa miaka mitatu huku mjane akilala kwenye hema.

Upo upande wa pili wa sheria, nao ni wa maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji, na inaanzisha Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa. Tunawaomba wenyeviti mlioko hapa mjibu mioyoni mwenu: kamati ya maafa ya kijiji chako ina wajumbe gani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Tulipowauliza wachache kabla ya kikao hiki, mmoja alituambia kwamba kamati ipo, ila yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ni mjumbe.

Somo la Marekani

Kwa nini tuitazame Marekani, nchi tajiri isiyofanana nasi? Kwa sababu ilijaribu jambo hili mapema, ikakosea kwa uwazi, na makosa ya tajiri ni shule ya bure kwa maskini.

Mwaka 1968, baada ya makampuni binafsi kukataa kwa miaka mingi kuzikatia bima nyumba za mabondeni, Bunge la huko lilianzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko. Makubaliano yalikuwa mazuri: Serikali itatoa bima kwa bei nafuu, na halmashauri za miji, kwa upande wao, zitazuia ujenzi holela mabondeni. Mwaka 1973 wakaongeza kuwa mwenye mkopo wa nyumba katika eneo la hatari ni lazima awe na bima hiyo.

Kilichotokea ni kwamba bei nafuu ilificha hatari. Mtu akiona kwamba bima ya kukaa kando ya mto si ghali, anaamini kuwa kando ya mto si hatari. Nyumba zilezile zililipwa fidia mara mbili, mara tatu, hata zaidi, na kila mara zikajengwa palepale. Kimbunga cha Katrina cha mwaka 2005 kiliuingiza mpango katika deni kubwa. Mwaka 2017 Bunge lilifuta deni la dola bilioni 16, na hata baada ya hapo mpango ulibaki ukidaiwa zaidi ya dola bilioni 20. Mwaka 2012 walitunga sheria ya kupandisha bei ifanane na hatari halisi. Wananchi wakalia, na mwaka 2014 sheria nyingine ikapunguza kasi. Tangu mwaka 2021 hatari inapimwa kwa kila nyumba, tofauti na zamani ilipopimwa kwa eneo zima.

Hapo wamekwama katika tatizo ambalo sisi tunalitambua vizuri. Ukimtoza kila mtu bei sawa na hatari yake, maskini aliyejenga bondeni kwa kuwa ardhi ya bondeni ndiyo pekee aliyoimudu, ndiye atakayetozwa zaidi. Ukimtoza kidogo, unamtuliza akae kwenye hatari, na tajiri mwenye nyumba ya pili ufukweni anafaidi ruzuku hiyohiyo. Hakuna hesabu ya bima inayoweza kumaliza jambo hili peke yake. Bei iseme ukweli juu ya hatari, na maskini asaidiwe waziwazi kwa fedha inayoonekana. Mambo hayo mawili yasichanganywe katika mfuko mmoja wa giza.

Wamarekani wana jambo moja ambalo tungependa kuliazima. Tangu mwaka 1990, jumuiya inayochukua hatua za kupunguza hatari, kama kusafisha mikondo ya maji, kuacha mabonde wazi na kuwaelimisha watu, huwapatia wakazi wake punguzo la ada ya bima. Punguzo huanzia asilimia 5 na hufika asilimia 45. Yaani kijiji kikifanya kazi, kila kaya inaona faida mfukoni. Hebu tuwaze: kata iliyozuia makorongo yake na kupanda miti ipewe nafasi ya kwanza katika mfuko, au ichangiwe zaidi. Kwa sasa anayezuia korongo hupata jasho lake tu, na anayelima mpaka ukingoni hupata mahindi.

Ufaransa nao walichagua njia nyingine mwaka 1982. Kila mwenye bima ya mali yoyote, mahali popote, huongezewa asilimia moja iliyo sawa kwa wote, na fedha hiyo hulipia maafa ya asili. Tangu Januari 2025 nyongeza hiyo ni asilimia 20. Anayekaa mlimani humsaidia anayekaa bondeni. Uingereza, tangu mwaka 2016, nayo ina mfuko wa kuwapunguzia ada wenye nyumba za hatarini, lakini nyumba zilizojengwa kuanzia mwaka 2009 haziingii, ili mfuko usiwe kishawishi cha kujenga mabondeni. Sharti hilo la tarehe tunalipenda sana: aliyetangulia asaidiwe, anayekuja aonywe.

Tunachoomba

Kwa mtazamo wetu, haitafaa kumwambia mkulima wa Haydom aende akanunue bima ya mafuriko. Nyumba yake ni ya miti na udongo, hana hati, na gharama ya kampuni kumtuma mtu aje kukagua ni kubwa kuliko nyumba yenyewe. Bima inunuliwe juu yake, na haki ishuke hadi kwake.

Maana yake ni hii. Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa uwe na kanuni inayojulikana kwa kila mtu: kaya ambayo kamati ya kijiji imethibitisha kwamba nyumba yake imebomolewa na maji, ilipwe kiasi fulani katika siku kadhaa zilizotajwa, iwe nyumba ni moja au ni elfu. Orodha ya waliolipwa ibandikwe kwenye mbao za matangazo ya kijiji, maana fedha ya maafa hupenda kupotea gizani. Ili mfuko usifilisike katika mwaka mbaya, wenyewe ukate bima nje. Jambo hili si geni Afrika: Umoja wa Afrika ulianzisha mwaka 2012 taasisi ya African Risk Capacity, ambapo nchi hulipa ada na kupewa fedha majanga yanapofika kiwango kilichokubaliwa. Kenya nayo ilianza mwaka 2015 kuwalipia ada wafugaji wa kaskazini. Satelaiti hupima malisho, na yakipungua kupita kiwango, fedha hutumwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga.

Tuwe wakweli juu ya udhaifu wa bima ya vipimo namna hii. Ikiwa kipimo cha mvua kiko mjini na mvua imenyesha mlimani, kipimo kitasema hakuna kitu huku watu wakisombwa. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na una mawingu yake wenyewe. Kwa hiyo anayetaka bima ya vipimo katika wilaya zetu aanze kwa kudai vipimo vya mvua kwenye miteremko, shuleni na zahanati. Mwalimu na wanafunzi wanaweza kusoma kipimo kila asubuhi. Vipimo hivyohivyo vingesaidia kutoa onyo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kuwa mvua za vuli zingekuwa kubwa kutokana na El Nino, na zikawa. Tangazo lilikuwa sahihi, lakini halikuweza kumwambia mtu wa Jorodom: usiku huu, ondoka.

Na fedha itoke wapi? Nyongeza ndogo juu ya bima za magari na majengo makubwa, kwa mfano wa Wafaransa, ingetosha kuanzia. Pia kuna deni la dunia. Tarehe 30 Novemba 2023, siku tatu tu kabla ya Mlima Hanang kumeguka, mataifa yaliyokutana Dubai yalikubaliana kuuanzisha mfuko wa hasara na madhara kwa nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Mkulima wa Gendabi hakuijaza anga moshi. Serikali yetu inapokwenda kudai katika mfuko ule, iende na madai yenye majina ya vijiji.

Juu ya kuhama na kutohama

Sehemu hii ndiyo iliyotugawa sisi wenyewe katika tume, na tunawaeleza hivyo bila kuficha. Wapo wenzetu wanaosema: watu waondolewe makorongoni kwa nguvu, uhai kwanza. Wengine wanasema: aliyehamishwa kwa nguvu hufa polepole.

Sheria ipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinatambua ardhi hatarishi, ikiwemo ya miteremko mikali. Lakini historia inatufundisha kwamba sheria bila mahali pa kwenda ni kufukuza tu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye vijiji vya juu. Nyumba zikawa salama, mashamba yenye rutuba yakabaki chini, na wengi wakarudi bondeni kila msimu kukaa katika madungu yao. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 huko Dar es Salaam, waathirika wa Jangwani walipewa viwanja Mabwepande. Viwanja vilikuwa vya kweli, ila kazi, soko na shule vilikuwa mjini. Anayeuza samaki Kariakoo hawezi kuishi kwa kiwanja peke yake.

Hatimaye tulikubaliana hivi: asihamishwe mtu mpaka aonyeshwe shamba, maji na njia, siyo nyumba tu, na kijiji kisigawe kiwanja kipya hata kimoja ndani ya njia ya maji, awe mwombaji ni ndugu wa mwenyekiti au ni taasisi ya dini. Tunasema taasisi ya dini kwa makusudi, maana nasi tumo. Tumejenga baadhi ya majengo yetu mahali ambapo wazee walitukataza.

Na tusiwasingizie maskini kila kosa. Makorongo mengi ya uwanda wa Basotu na Hanang hayakuchimbwa na jembe la mkono. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 makumi ya maelfu ya ekari za malisho ya Wabarabaig yalichukuliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma. Mapito ya mifugo yalifungwa, udongo uliachwa wazi baada ya mavuno, na mvua ikaufuata. Wafugaji waliosogezwa walibanwa kwenye miteremko na mabonde. Anayeandika ramani ya hatari ya mafuriko leo bila kuandika nani alisukumwa pale na lini, ameandika nusu ya ramani.

Upande wa pili tunao walimu karibu. Kule Kainam, nyanda za juu za Mbulu, wakulima wa Kiiraqw wamelima milima mikali kwa vizazi vingi bila kuibomoa: matuta yanayofuata mlalo wa ardhi, mifereji ya kutoa maji ya ziada, samadi, majani yanayofukiwa. Wataalamu kutoka ng'ambo wamekwenda kujifunza huko. Sisi wa Haydom, ambao wengi wetu babu zetu walishuka kutoka huko, tuliiacha elimu hiyo njiani kwa sababu tulikuta ardhi tele ya tambarare. Ardhi tele imekwisha.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutalitembelea korongo lililo chini ya soko, kutoka juu hadi linapoingia mbugani. Tunawaomba wazee wanaokumbuka maji yalipofikia katika miaka ya mvua kubwa waje, na vijana waje na mambo za kupigilia alama. Mtendaji wa kata amekubali kuwepo. Wenyeviti wa vitongoji mje na majina ya kaya zilizoko ndani ya hatua mia moja kutoka ukingoni, pamoja na majina ya wazee na wagonjwa wasioweza kukimbia usiku. Nakala moja ya orodha itabaki kijijini, moja itakwenda wilayani pamoja na barua yetu juu ya Mfuko wa Maafa, ambayo tutaisoma hapa sasa ili mseme kama mnaiafiki.